Hedifoni na Afya ya Masikio: Sauti Ipunguzwe Kabla Usikivu Haujapungua

Vipokea sauti vya masikioni, maarufu kama hedifoni, sasa ni kifaa cha kawaida katika kata za Wilaya ya Iramba. Huvaliwa na wanafunzi, waendesha bodaboda, wachungaji, walinzi wa usiku na abiria wa mabasi. Manufaa yake hayana ubishi, kwani humwezesha mtu kusikiliza muziki, habari, mahubiri au mpira bila kumsumbua jirani. Hata hivyo, sauti isiyomsumbua jirani inaweza kumharibia msikilizaji usikivu wake, na uharibifu wa namna hiyo ukishakuwa wa kudumu hakuna dawa ya kuurekebisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kutokana na mazoea ya kusikiliza sauti kubwa. Hatari hiyo inaweza kuepukwa kwa hatua ambazo hazihitaji fedha.

Jinsi sauti kubwa inavyodhuru

Ndani kabisa ya kila sikio kuna sehemu ndogo iliyojikunja mfano wa konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo laini. Sauti inapoingia, vinyweleo hivyo huyumba, na chembe hizo hupeleka taarifa kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno, au ikidumu kwa muda mrefu, vinyweleo hulemewa. Mwanzoni huinama na baadaye huinuka, kama mtama uliopigwa na upepo. Vikilemewa mara kwa mara, chembe zake hufa.

Kuku, ambao Mkoa wa Singida unasifika kwao, wana uwezo wa kuotesha upya chembe hizo zinapoharibika. Binadamu hana uwezo huo. Kwa maana hiyo, usemi wa wahenga kwamba sikio la kufa halisikii dawa unabeba ukweli wa kitabibu.

Upotevu huu hauanzi kwa ukimya. Huanza kwa kupotea kwa sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba herufi kama "s", "f" na "sh". Mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini hana hakika kama ameambiwa "fika" au "shika". Wengi hudhani kuwa wenzao wananong'ona. Mwanafunzi wa aina hiyo anaweza kuonekana mzembe darasani, kumbe hasikii vizuri maelezo ya mwalimu. Dalili nyingine ni mlio wa kudumu masikioni, hisia ya masikio kuziba baada ya kusikiliza muziki, na tabia ya kuongeza sauti ya redio au runinga hadi iwakere wengine.

Kiasi cha sauti na muda wa kusikiliza

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takribani desibeli 60. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara makubwa. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika desibeli 100, muda salama ni takribani dakika 20 tu kwa wiki nzima.

Muda hupungua kwa kasi hiyo kwa sababu kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inayolipiga sikio huongezeka mara mbili. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho huweza kufikia au kuzidi desibeli 100. Abiria anayesafiri kutoka Kiomboi kwenda Singida mjini akisikiliza kwa kiwango hicho atakuwa amemaliza kipimo chake cha wiki kabla basi halijafika hata nusu ya safari. Kwa watoto inashauriwa kiwango kiwe cha chini zaidi, desibeli 75, kwa kuwa masikio yao ni dhaifu.

Kelele za nje ndizo zinazodanganya

Mara nyingi mtu haongezi sauti ya simu kwa sababu muziki ni mdogo. Huiongeza ili kuzishinda kelele zilizomzunguka. Basi linapopandisha mlima Sekenke, mngurumo wa injini hufunika wimbo, na msikilizaji huongeza sauti bila kufikiri. Basi linaposimama na injini kuzimwa, ndipo baadhi hushtuka kwa ukali wa sauti waliyokuwa nayo masikioni.

Hali hii ni ya hatari zaidi kwa wanaofanya kazi penye mashine za kusaga nafaka, mashine za kukamua alizeti na krasha za kusaga mawe ya dhahabu. Baadhi yao huvaa hedifoni za simu wakiamini kuwa zinawakinga dhidi ya kelele. Muziki hauondoi kelele ya mashine. Kinachotokea ni kwamba sauti ya pili huongezwa juu ya ile ya kwanza, na sikio hubeba zote mbili. Kinga sahihi ni vizibo vya masikio au vifunika masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Pamba ya kawaida haitoshi.

Hatua za kuchukua

Kwanza, kiwango cha sauti kipangwe mahali tulivu na kisizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Kwa simu yenye ngazi 10 za sauti, hiyo ni ngazi ya 6. Mtu akiingia penye kelele, asiongeze. Ni heri asikilize baadaye. Simu janja nyingi hutoa onyo sauti inapozidi, na onyo hilo lisipuuzwe.

Pili, ufanyike jaribio rahisi. Mtu aliye umbali wa mkono mmoja akizungumza kwa sauti ya kawaida na msikilizaji asimsikie, sauti ya hedifoni imezidi.

Tatu, masikio yapewe mapumziko. Kila baada ya saa moja, hedifoni ivuliwe kwa angalau dakika 10. Kulala ukiwa umeivaa muziki ukiendelea huyanyima masikio mapumziko ya usiku.

Nne, wenye simu ndogo ambazo redio yake hutumia waya wa hedifoni kama antena wanaweza kuacha waya umechomekwa na kuchagua redio isikike kwa spika ya simu, pale simu inaporuhusu. Mchungaji au mlinzi hupata matangazo yake bila kuziba masikio ambayo kazi yake inayategemea.

Tano, mwendesha bodaboda, mwendesha baiskeli na mtembea kwa miguu wasivae hedifoni barabarani. Katika barabara kuu inayopita Misigiri na Shelui, ambako malori hupita usiku na mchana, honi isiyosikika inaweza kugharimu maisha.

Sita, hedifoni zifutwe mara kwa mara na kila mtu awe na zake, kwa kuwa kuazimana huweza kuhamisha vijidudu. Vijiti, pini na manyoya ya kuku visiingizwe masikioni, kwani husukuma nta ndani na vinaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Si kila upungufu wa usikivu hutokana na muziki. Nta iliyoganda na maambukizi ya sikio pia hupunguza usikivu, na hayo hutibika. Kwa hiyo, mwenye mlio wa masikioni usiokoma, maumivu, usaha au ugumu wa kusikia afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji uchunguzi zaidi, ataelekezwa hospitali. Mtu anayepoteza usikivu ghafla, hasa katika sikio moja, anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa hupunguza uwezekano wa kupona.

Wazazi na walimu wana nafasi ya pekee, kwa sababu mtoto hawezi kutambua mwenyewe kuwa usikivu wake unapungua. Mtoto anayeitwa mara mbili ndipo aitike, au anayeuliza "nini?" kila mara, apelekwe kupimwa kabla ya kuadhibiwa.

Kila mwaka tarehe 3 Machi dunia huadhimisha Siku ya Usikivu. Kwa mkazi wa kijijini au mjini, hakuna haja ya kungoja tarehe hiyo. Kitufe cha kupunguza sauti kipo ubavuni mwa simu, na kukibonyeza leo kunamwezesha kijana wa sasa kuisikia sauti ya wajukuu wake atakapokuwa mzee.