Somo la Redio: Kikundi Kitengeneze Picha Yake ya Video



Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Siku hizi kikundi chaweza kutengeneza somo lake chenyewe kwa simu, na kulipeleka kwa wenzao wa mbali kwa njia ya intaneti.

Tuseme mnafundisha kupima ukavu wa mahindi. Mmoja ashike simu. Mwingine atie mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa ya kioo iliyo kavu, aitikise vizuri, aiache itulie kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani.

Sasa mwambieni aeleze mbele ya simu. Aliyedhani anajua hukwama! Chumvi kiasi gani? Atikise mpaka lini? Wenzake humsaidia, naye hujifunza kuliko atakayetazama. (Mimi nilisahau kukausha chupa, wakanicheka.)

Kabla ya kuipeleka, itazameni wote, mara mbili. Mtu wa mbali ataamini kosa lenu. Mwaka 2016 jirani zetu wa Dodoma na Manyara walikula mahindi yenye sumu ya ukungu, na watu wapatao 20 wakafa.

Juma lijalo kila kikundi kilete simu moja na chupa moja. Kwaherini.