Hesabu za Watoto Wadogo: Kwa Nini Mwalimu Huanza na Kokoto

Wazazi wengi, wa mijini na wa mashambani, hushangaa wamwonapo mtoto wao wa Gredi ya Kwanza, ambayo zamani iliitwa darasa la kwanza, akienda shule na mfuko wa vizibo vya soda, vijiti na kokoto. Wengine hunung'unika wakisema, "Sisi tulifundishwa kwa ubao na chaki, watoto wa siku hizi wapelekwa shule kucheza." Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi ya vitu hivyo, ili mzazi afahamu yatendekayo darasani, na jinsi awezavyo kumsaidia mtoto wake nyumbani.

KUTAJA NAMBARI SI KUHESABU

Mtoto wa miaka mitano aweza kutaja moja hadi ishirini bila kukosea, kama aimbavyo wimbo. Baba yake akimsikia hufurahi, na kudhani kwamba mtoto amekwisha kujua kuhesabu. Lakini mwekee kokoto saba chini, umwambie azihesabu. Huenda akaigusa kokoto moja mara mbili na kuiruka nyingine. Na hata akifika saba sawasawa, ukimwuliza, "Basi ziko ngapi?" huenda akaanza tena: moja, mbili, tatu.

Mtoto huyo si mjinga. Bado hajapata mambo matatu ambayo sisi watu wazima tumesahau kwamba tulijifunza. La kwanza, majina ya nambari yana utaratibu wake usiobadilika. La pili, kila kitu hupewa jina moja tu la nambari, wala hakuna kitu kiachwacho. La tatu, jina la mwisho litajwalo si jina la kokoto ile ya mwisho, bali ni idadi ya kokoto zote. Hayo hayafundishiki kwa kuimba. Hufundishika kwa mkono kugusa kitu, na kukisogeza kando baada ya kukihesabu. Hiyo ndiyo kazi ya kokoto.

Baadaye mwalimu huzitawanya kokoto zile zile saba na kuuliza kama zimeongezeka. Watoto wadogo wengi husema ndiyo, maana zimeenea mahali pakubwa zaidi. Wakizihesabu tena, huona wenyewe kwamba ni saba vile vile.

LUGHA YETU NA NAMBARI

Kiswahili chamsaidia mtoto katika mambo mengine, na katika mengine chamtatiza. Tusemapo "kumi na tatu", maneno yenyewe yaeleza kwamba ni kumi na nyingine tatu. Lakini afikapo ishirini, thelathini, arobaini na hamsini, mtoto hukutana na majina yaliyotoka katika Kiarabu, ambayo hayaonyeshi mbili, tatu, nne wala tano ndani yake. Sitini, sabini na tisini ni rahisi zaidi, kwa kuwa sita, saba na tisa nazo zatoka katika Kiarabu.

Lugha nyingine za Kenya ziko wazi zaidi hapo. Mkikuyu asemapo ishirini husema "mĩrongo ĩĩrĩ", na Mjaluo husema "piero ariyo". Maana ya yote mawili ni makumi mawili. Mtoto alelewaye katika lugha hizo amekwisha kuisikia siri ya makumi nyumbani kwao. Kwa kanuni ya serikali, mwalimu wa gredi tatu za kwanza atakiwa kufundisha kwa lugha ya mahali shule ilipo, na tangu Gredi ya Nne kwa Kiingereza. Basi mzazi asione haya kuhesabu pamoja na mtoto wake kwa lugha ya nyumbani, akidhani kwamba atamchanganya. Aielewaye idadi kwa lugha moja hahitaji kujifunza idadi upya kwa lugha ya pili. Ahitaji majina tu.

Jambo jingine ni saa. Sisi twahesabu saa tangu jua lichomozapo, lakini tarakimu zilizo katika uso wa saa zafuata desturi nyingine. Mshale mfupi ukielekea 9, twasema ni saa tatu. Mtoto akisoma "saa tisa" hakukosea kusoma tarakimu. Afaa kuelezwa kwamba kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya sita, naye atashika upesi.

FUNGU LA KUMI

Mwalimu akisema, "Andikeni arobaini na saba," mara nyingi utaona mtoto ameandika 407. Mzazi akiona hivyo hukasirika. Lakini tazama mawazo ya mtoto: amesikia arobaini, akaandika 40, amesikia saba, akaandika 7 mbele yake. Ameandika yale aliyoyasikia. Asilolijua ni kwamba mahali pa tarakimu pana thamani yake.

Hapo vijiti ndipo vifaapo. Watoto huhesabu vijiti kumi na kuvifunga kwa uzi viwe fungu moja. Arobaini na saba ni mafungu manne na vijiti saba visivyofungwa. Mwalimu huchora safu mbili ubaoni, ya makumi na ya mamoja, na mtoto huandika 4 katika ile ya kwanza na 7 katika ile ya pili. Tangu siku hiyo ile 4 si nne tena machoni pake, bali ni mafungu manne aliyoyafunga kwa mikono yake.

Faida yake yaonekana katika kutoa. Mtoto apewaye 52 kutoa 27, mara nyingi huandika 35. Ameona kwamba saba haitoki katika mbili, basi akageuza, akatoa mbili katika saba. Ukimfokea, hataelewa. Ukimpa mafungu matano na vijiti viwili, na kumwambia akupe ishirini na saba, atafikiri kidogo kisha atafungua fungu moja mwenyewe. Sasa anavyo vijiti kumi na viwili. Akitoa saba vyabaki vitano. Mafungu yamebaki manne. Akitoa mawili yabaki mawili. Jibu ni 25. Neno "kukopa" lisemwalo ubaoni lina maana hiyo tu, yaani kufungua fungu.

HESABU ZA SOKONI

Mama auzaye nyanya ajua kwamba binti yake wa miaka tisa hakosei kurudisha chenji, na bado daftari lake la hesabu limejaa alama za makosa. Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 1985 wataalamu watatu walitoa taarifa juu ya watoto watano waliokuwa wakiuza vitu katika mji wa Recife, nchini Brazili. Walipoulizwa bei katika biashara yao, walijibu sawasawa katika maswali 98 kwa kila 100. Hesabu za namna ile ile zilipoandikwa kwenye karatasi bila kutaja biashara, majibu sawa yalikuwa 37 tu kwa kila 100. Akili ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni daraja kati ya soko na daftari. Mwalimu afanyapo duka la mchezo darasani, na sarafu za karatasi na makopo matupu, ndipo analijenga daraja hilo.

FIMBO HAIFUNDISHI HESABU

Zamani wengi wetu tulijifunza hesabu kwa hofu. Leo sheria yakataza. Adhabu ya viboko iliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamkataza mtu yeyote kumtesa mwanafunzi kwa adhabu ya mwili. Hata pasingekuwapo sheria, sababu ingetosha: mtoto mwenye hofu hafikiri juu ya hesabu, hufikiri juu ya fimbo. Hukisia jibu upesi ili aachwe, au hunakili la mwenzake, na mwalimu hapati kujua asichokielewa.

Yatupasa pia kuwafikiria walimu. Ada zilipoondolewa katika shule za msingi, Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za Kenya, na madarasa mengi yalijaa kupita kiasi. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kumpa kila mtoto hata dakika moja kamili. Ndiyo sababu msaada wa nyumbani ni wa lazima.

KAZI YA MZAZI

Kwanza, mpeleke mtoto shule kila siku. Hesabu hujengwa kama ukuta. Mtoto abakizwaye nyumbani siku ya soko ili achunge mbuzi hukosa tofali moja, na matofali ya juu yake hayakai.

Pili, hesabu pamoja naye katika kazi za kila siku. Ahesabu sahani za chakula cha jioni, na mayai ya kuku. Apime meza kwa shubiri, kisha wewe upime kwa shubiri yako. Majibu yatatofautiana, naye ataelewa kwa nini watu walihitaji mita. Kwa mtoto mdogo sana tumia vizibo au kokoto kubwa, wala si maharagwe, maana watoto hutia punje puani na masikioni.

Tatu, akileta jibu, lililo sawa au lisilo sawa, muulize, "Umelipataje?" Katika kueleza, mara nyingi huliona kosa lake mwenyewe.

Nne, usiseme mbele yake, "Hata mimi hesabu zilinishinda; ni damu yetu." Mtoto huyaamini maneno ya mzazi kuliko ya mwalimu.

Ajuaye hesabu hukaa mbele ya mzani wa majani ya chai au wa kahawa bila wasiwasi, kwa kuwa aweza kuhakikisha mwenyewe kilo zake na malipo yake. Marehemu Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, akaketi pamoja na watoto wa umri wa wajukuu zake. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe na kuzihesabu fedha zake mwenyewe. Alingoja muda mrefu mno kwa jambo ambalo mtoto wa miaka sita aweza kulianza leo kwa kokoto saba.

Kwa hiyo mtoto wako akiomba vijiti kumi na uzi wa kuvifungia, mpe. Kisha keti naye kitako, umwambie akuonyeshe walivyofanya darasani.