Betri Haifi Ghafla

Usiku mmoja, katika shule moja hapa Chwele, tulimpakia mwanafunzi mgonjwa garini ili tumkimbize hospitalini Bungoma. Dereva akazungusha ufunguo. Gari likakoroma mara moja, likanyamaza. Walimu na wanafunzi tukalisukuma gizani hadi likawaka. Mtoto alipona, lakini aibu ingali nami. Mwezi mzima gari hilo lilikuwa likiwaka shingo upande kila asubuhi, nasi tukailaumu baridi ya Mlima Elgon.

Betri ya risasi na tindikali kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Iliyojaa chaji na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Hata hivyo, kipimo hicho pekee hudanganya. Fundi na aipime wakati gari linapowashwa. Ikiwa imejazwa chaji, vichwa vyake ni safi, na bado inashuka chini ya volti 9.6 hivi, aghalabu muda wake umekwisha.

Wapo wasemao kwamba kununua mpya kabla kuukuu haijafa ni ubadhirifu. Nawauliza walimu wenzangu: je, bei ya betri yashinda uhai wa mtoto? Tuandike juu yake tarehe iliponunuliwa, na tuipime kila mwanzo wa muhula.