Santuri za babu zinanguruma? Kopa betri ya bodaboda kabla ya kutoa pesa

Msomaji wangu wa Matayos, Busia, Malaba na popote pale ulipo, leo naongea na wewe uliyerithi mashine ya santuri. Tuko wengi siku hizi. Katoni limetolewa chini ya kitanda cha mzee, ndani mna Daudi Kabaka, mna Franco, mna Super Mazembe, na zingine zimechanika lebo hata hujui ni nani. Umepangusa vumbi, umeunganisha mashine na amplifaya ya mtumba, umeshusha sindano polepole. Kabla gitaa halijaingia unasikia mmmmmm. Mngurumo mzito, kama lori lililopaki Malaba likisubiri zamu ya kuvuka.

Unaenda mtandaoni kuuliza. Hapo ndipo jamaa asiyekujua anakwambia shida ni stima, nunua pawa saplai ya kando, yaani boksi jingine kabisa la kulisha umeme kile kiboksi chako cha fono. Bei akikutajia unakaa chini. Kuna kampuni ya Uingereza, Naim, ambayo kwa miaka mingi imeuza pawa saplai za kando za vyombo vyake, na ile kubwa yao inagharimu zaidi ya bodaboda mpya. Sisemi ni mbaya. Nasema bodaboda inalisha familia.

Kwa hivyo, je, pawa saplai ya kando inasaidia? Inasaidia, ndiyo, kama ugonjwa uko kwenye umeme unaoingia kwenye kiboksi. Kama ugonjwa uko kwingine, utanunua dhahabu na mngurumo utabaki pale pale ukikucheka. Raha ni kwamba unaweza kujua ugonjwa uko wapi kwa jioni moja, karibu bure.

Kwanza elewa kiboksi chenyewe kinafanya nini. Sindano ikipita kwenye mifereji ya santuri inatoa umeme mdogo ajabu. Katriji za kawaida, zile za sumaku inayotembea, hutoa kama milivolti 5. Zile za bei ghali ambazo koili ndiyo hutembea hutoa hata chini ya nusu milivolti. Simu yako hutoa mamia ya milivolti kwa waya wa spika, kwa hivyo amplifaya haiwezi kusikia santuri bila msaada. Kiboksi cha fono ndicho msaada: kinakuza sauti karibu mara 100, na kwa katriji za koili karibu mara 1,000.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Santuri haikukatwa na besi yote. Besi ikiachwa na nguvu zake zote mifereji ingekuwa mipana na sindano ingerukaruka, kwa hivyo wakati wa kukata besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa. Utaratibu huo ulikubaliwa kama kanuni moja mwaka wa 1954, unaitwa RIAA. Kiboksi chako kinafanya kinyume: kinarudisha besi na kupunguza sauti za juu. Sasa piga hesabu. Stima yetu Kenya ni mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na Uganda. Mizunguko 50 ni besi. Kwa hivyo uchafu wowote wa stima ukiingia mwanzoni mwa kiboksi, hauongezwi mara 100 tu; unaongezwa tena kama mara saba kuliko sauti za katikati. Jumla karibu mara 700! Mimi chuo nilitoka kabla ya kumaliza, lakini hii ni hesabu ya shule ya msingi.

Ndio maana redio ya simu kwenye amplifaya hiyo hiyo inapiga safi na santuri inanguruma. Si eti santuri ni mbovu. Ni kwamba fono ina sikio kali sana la kusikia stima.

Uchafu huo unaingia kwa njia kadhaa, na pawa saplai ni moja tu. Njia ya kwanza, na ndiyo nimekutana nayo zaidi nikitembelea watu, ni waya wa athi. Nyuma ya mashine ya santuri kuna waya mwembamba mweusi au wa kijani, uko peke yake, mwisho wake una kidude kama uma. Watu huufikiria ni takataka wanaukata. Huo unafungwa kwenye skrubu ya kiboksi cha fono iliyoandikwa GND. Ufunge. Kuna nyumba mngurumo umeisha hapo na mwenye nyumba akaanza kuleta chai.

Njia ya pili ni ukaribu. Transfoma ndani ya amplifaya inarusha sumaku hewani, na katriji ni koili, kazi yake ni kunasa sumaku. Ukiweka mashine ya santuri juu ya amplifaya kwa sababu meza ni moja, umemlaza kuku na mwewe. Zima mota, ongeza sauti kidogo, inua mkono wa sindano uusogeze polepole kuelekea katikati. Mngurumo ukibadilika jinsi unavyosogeza, shida ni sumaku ya jirani na hakuna pawa saplai itakayotibu hiyo. Sogeza vitu. Umbali ukiongezeka mara mbili, sumaku ya transfoma hupungua karibu mara nane, kwa hivyo hata nusu mita ni kitu.

Hapa ndipo naupa upande wa pili haki yao. Kama transfoma ya kiboksi chako cha fono iko ndani ya boksi hilo hilo, imelala karibu na ile sehemu yenye sikio kali, basi kuitoa nje na kuiweka kwenye boksi la kando mita moja mbali inasaidia kweli. Si uchawi wa kampuni, ni umbali. Lakini angalia chako kwanza. Vingi vya bei nafuu vinakuja na adapta ya ukutani. Hiyo adapta ni nini kama si pawa saplai ya kando? Unayo tayari.

Basi tuje kwa betri. Betri haina mizunguko 50, haina ukuta, haina Kenya Power. Ni umeme ulionyooka. Kama kiboksi chako kinakula volti 12 DC, betri ya bodaboda au ile ya UPS ya saiba ndiyo pawa saplai safi utakayopata leo usiku. Mwombe jamaa wa stejini akukopeshe betri akishapaki. Lakini tulia, soma adapta yako kwanza. Kama upande wa kutoa umeandikwa AC, au kuna kile kialama cha wimbi, betri hairuhusiwi, achana na hili zoezi. Kama ni DC, angalia volti ni 12 na uone chanya iko ndani ya pini au nje. Weka fyuzi ya ampia 1 kwenye waya wa chanya, manake betri ya pikipiki ikigusanishwa vibaya inaweza kuchoma waya ukiwa umeushika. Na usiunganishe pikipiki ikiwa inanguruma, hapo volti hupanda hadi 14 na utakuwa umerudisha kelele kwa mlango wa nyuma.

Chomoa adapta kabisa ukutani. Unganisha betri. Sindano iwe juu, isiguse santuri, sauti ipandishe pale unapoipandishaga siku zote. Sikiliza.

Mngurumo ukiwa uleule, umeokoa pesa zako. Pawa saplai haina hatia. Rudi kwa athi, nyaya na ukaribu. Mngurumo ukiisha au ukipungua sana, adapta ndiyo mwizi, na sasa una sababu ya kutafuta nyingine. Kuna uwezekano pia kwamba betri imekata njia ya stima kuzunguka kupitia nyaya za vyombo viwili, lakini hata hiyo inatibiwa na pawa saplai yenye transfoma yake safi, kwa hivyo dawa haibadiliki.

Nikiwa mkweli, huku kwetu kuna sababu moja ya kutaka pawa saplai nzuri ambayo wakaguzi wa Ulaya hawaiandiki, kwa sababu kwao haipo. Stima ya jioni. Wewe unayeishi mwisho wa laini, ukitoka Matayos ukiingia ndani vijijini, unajua saa moja jioni balbu inakuwaje. Taa inakuwa ya machungwa, friji inalalamika. Ile 240 inaweza kuwa 200, siku mbaya chini zaidi.

Chukua adapta ya aina ya zamani, ile nzito yenye transfoma ya volti 12 na regyuleta ya 12 ndani. Stima ikiwa 240, regyuleta inapata kama volti 15 na nusu, inakata hadi 12, maisha ni matamu. Regyuleta aina ya 7812 inahitaji volti mbili hivi za ziada ili ifanye kazi, yaani 14. Stima ikishuka hadi 200, inapata kama 12.7. Haitoshi. Inaacha kuchuja, na mtetemo wa mizunguko 100 unapita moja kwa moja hadi kwa fono. Ndiyo sababu kuna watu wanakwambia mashine yao inapiga vizuri mchana na inanguruma usiku, wengine wanasingizia unyevu, wengine majini. Kwa mtu huyo, pawa saplai ya kando yenye transfoma ya volti 18 ni mabadiliko utakayosikia hata ukiwa jikoni. Hata stima ikifika 160 bado regyuleta inapata zaidi ya 15.

Na hiyo haihitaji Uingereza. Transfoma, diodi nne, kapasita mbili tatu, 7812 na kipande cha bati cha kupoza, vyote vinapatikana Luthuli Avenue pale Nairobi, na fundi wa redio anayejua kazi yake atafunga kwa siku moja. Mwambie boksi liwe la chuma na liunganishwe athi. Usifungue upande wa 240 wewe mwenyewe kwa sababu umetazama video mbili.

Zile adapta nyepesi kama chaja ya simu hazijali stima ikishuka, zinakula kuanzia 100 hadi 240. Kwa hilo nazipenda. Shida yao ni nyingine: nyingi ni za pini mbili bila athi, zinavujisha umeme kidogo sana kutoka ukutani hadi kwenye waya, ndio ule unaokutekenya ukigusa chuma cha amplifaya. Mtekenyo huo ukipita kwenye nyaya za fono unageuka mlio. Zingine ni safi kabisa. Betri itakwambia yako ni ya aina gani.

Jambo la mwisho, kwa wale wenye mjomba Marekani. Akikutumia mashine ya zamani ya kule, ujue ni ya volti 120 na mizunguko 60. Transfoma ya kupunguza volti utapata, lakini mota nyingi za zamani zinafuata mizunguko. Kwa 50 yetu zitazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na Daudi Kabaka ataimba kama ametoka usingizini. Mwulize mjomba kama ni ya mota ya DC kabla hajalipa mzigo, na amwambie muuzaji ampigie picha ile lebo ya nyuma.