Mpaka wa Tunduma na Maana ya Dola

Wapo vijana wetu wanaodhani kwamba dola isiyojizungushia ukuta ni nusu ya dola. Twawaomba watazame Tunduma.

Mji huo wa mkoa wa Songwe umeshikana na Nakonde ya Zambia, hata mgeni huweza kuvuka asijue. Mpaka waonyeshwa na vigingi tu, na asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani yaliyotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890. Wanyamwanga, ambao kabila lao lilikatwa vipande viwili, hawakuulizwa neno! Hata leo huvuka kwenda arusini na mazikoni, na sokoni shilingi na kwacha hupokewa zote mbili.

Je, enzi ya Tanzania au ya Zambia imepungua kwa hayo? La, hasha. Askari wa Nakonde hawezi kumkamata mtu katika soko la Tunduma. Tena tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walifungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Ofisa wa Zambia hufanya kazi katika ardhi ya Tanzania, na wa Tanzania katika ardhi ya Zambia, kwa ruhusa. Na asiye na nyumba atamkaribisha nani?

Hatusemi kwamba kizuizi hakina mahali pake. Dhulqarnain aliombwa na watu waliokuwa wakidhuriwa. Kenya nayo, baada ya mashambulio mengi, ilianza mwaka 2015 kujenga uzio huko Mandera. Lakini upande wa Somalia ulilalamika, na mwaka 2018 kazi ikasimamishwa.

Mto Songwe wenyewe, ulio mpaka wetu na Malawi, huhama njia yake wakati wa mafuriko, na shamba la mtu likabaki ng'ambo. Ukuta gani utaufuata? Nchi mbili hizo zilitia sahihi mwaka 2017 mkataba wa Kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Lakini mto uingiapo Ziwa Nyasa hazijapatana: Malawi yashika maandishi ya 1890 na kusema mpaka wapita ufukoni kwetu, Tanzania yasema wapita katikati ya maji. Joaquim Chissano, Rais wa zamani wa Msumbiji, aliongoza usuluhishi, na neno halijakatwa. Wavuvi wa Kyela wangali wakitupa nyavu katika maji ambayo, kwa hesabu ya Malawi, si yao.