Idadi ya Vyuo Haimpi Mtu Nafasi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maofisa udahili wa vyuo vikuu Tanzania huulizwa swali lile lile, kwa simu na kwenye mabanda ya maonesho pale Mnazi Mmoja: "Niombe vyuo vingapi ili nisikose?" Huuliza kijana, huuliza mzazi, na mwaka unaofuata huuliza mdogo wake. Ni wachache mno wanaouliza programu wanayoitaka inapokea watu wangapi.

Imani iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba ukiomba vyuo kumi, lazima upate angalau kimoja. Wanaoieneza kwa bidii ni wale wanaonufaika nayo: wanaojiita mawakala wa udahili, pamoja na baadhi ya wenye steshenari wanaolipwa kwa kila fomu wanayojaza.

Imani hiyo si kweli. Chukua kijana wa tahasusi ya PCB aliyepata D, D na E. D ina pointi 2, E ina 1. Jumla yake 5. Udaktari wa binadamu unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia usiopungua pointi 6. Aombe Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma na Kairuki, jibu litakuwa lile lile kote, na ada za maombi hazirudi.

Mwenzake ana D tatu, yaani pointi 6 kamili. Huyu sifa anazo, na hapo ndipo familia nyingi hujidanganya. Kuwa na sifa maana yake umeruhusiwa kushindana, basi. Juu yake wapo wenye A tatu, pointi 15, na wenye A moja na B mbili, pointi 13, na hao nao wameomba vyuo hivyo hivyo vitano. Kuomba udaktari mahali patano si kukata tiketi tano za bahati nasibu. Ni kushindana mara tano na watu wale wale, kwa cheti kile kile. Chuo cha sita hakiongezi pointi hata moja.

Zamani kidogo kushindana huku na watu wale wale hakukuonekana wazi, kwa sababu tangu 2010 maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na mwombaji alipangiwa mahali pamoja. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 watu huomba moja kwa moja vyuoni, kwa hiyo mwenye ufaulu mzuri anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu kwa mpigo. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja, akitumia namba maalumu anayotumiwa kwa simu au barua pepe. Muda ukipita bila kuthibitisha, nafasi huenda kwa wengine.

Namba hiyo ndiyo inayowaumiza wateja wa mawakala. Mhudumu wa steshenari ana foleni mlangoni, anajaza namba yake mwenyewe ya simu ili kazi iende haraka, anabuni neno la siri ambalo halimfikii mwenye fomu, kisha anafungua akaunti nyingine katika chuo kingine. Majina yakitangazwa, ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu ya mtu aliyejaza fomu za vijana wengi na hakumbuki sura ya yeyote. Vyuo vikiwa kumi, akaunti ni kumi na maneno ya siri ni kumi. Huu si uzembe mdogo. Unaopotea ni mwaka mzima wa mtoto wa mtu.

Na anayesema "nina mtu ndani" ni tapeli. Orodha za waliochaguliwa hupelekwa TCU kuhakikiwa kabla ya kutangazwa, na kila msimu Tume yenyewe inawaonya waombaji wajiepushe na mawakala.

Basi kifanyike nini? Anza na programu, chuo kifuate. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, tazama sifa, pointi za chini za chuo husika na idadi ya nafasi. Vyuo vitatu au vinne vinatosha, mradi machaguo yatofautiane kwa ugumu. Mwenye PCB anaweza kuweka udaktari mahali pamoja, uuguzi au maabara pengine, kilimo au lishe kule Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na ualimu wa sayansi. Usiweke programu ambayo hutakubali kuisoma. Piga hesabu ya ada kana kwamba mkopo haupo, kwani kudahiliwa hakumhakikishii mtu mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ambao una maombi yake peke yake. Ukikosa awamu ya kwanza, angalia nafasi zilizobaki awamu ya pili, usirudie programu iliyokwisha kujaa. Aliyepungukiwa pointi aulizie stashahada, ikiwemo ya utabibu, kupitia baraza linalosimamia elimu ya ufundi, NACTVET. Wapo madaktari waliopita njia hiyo. Tumia simu yako, barua pepe yako, na uandike maneno ya siri kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Mwongozo wa TCU unapatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Usome kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi moja.