Neno ‘homa’ na hatari yake kwa anayetibiwa saratani

Yanapotajwa matibabu ya saratani kwa kemikali, au ‘kemo’ kama yanavyoitwa katika wodi zetu, jambo la kwanza linalowajia wengi akilini ni kichwa kilichonyonyoka nywele. Hofu hiyo inaeleweka, hasa kwa akina mama. Hata hivyo, nywele humea tena. Liko dhara jingine lisiloonekana kwa macho, ambalo linaweza kumwua mgonjwa kwa muda wa siku moja au mbili tu, na ambalo, kwa maoni yangu, tumelizidishia makali kwa uzembe wetu wa lugha. Dhara hilo ni homa. Nalitaja neno hilo nikijua fika kwamba msomaji wa Lamu na msomaji wa Nyeri hawakulielewa kwa namna moja, na hapo ndipo penye mzozo.

Mimi si daktari wa hospitali. Udaktari wangu ni wa isimu. Lakini saratani si jambo la madaktari peke yao tena. Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2022 yalionyesha kuwa zaidi ya Wakenya 44,000 hupatikana na ugonjwa huu kwa mwaka na zaidi ya 29,000 hufa kwa sababu yake. Ni vigumu kuipata familia ambayo haijauguza.

Hebu kwanza tuelewe jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi. Saratani ni seli zinazogawanyika na kuongezeka bila kujali amri ya mwili. Dawa nyingi za kemo huzishambulia seli wakati zinapogawanyika. Taabu ni kwamba mwilini mna seli nyingine nzima zenye tabia hiyo hiyo ya kugawanyika kwa haraka: zile za mashina ya nywele, za utando wa mdomo na utumbo, na za uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Dawa haina macho ya kumtenga adui na jirani. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hupata vidonda mdomoni na huharisha. Na ndiyo maana chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua. Kwa dawa nyingi upungufu huo hufikia upeo wake kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya mgonjwa kutiwa dawa mshipani. Wakati huo amekwisha kurudi kwake, kichefuchefu kimetulia, jamaa wanamwona ana nafuu, kumbe hizo ndizo siku ambazo mwili wake hauna mlinzi.

Katika siku hizo, hata vijidudu vinavyoishi tumboni mwake kwa amani vinaweza kupenya na kuingia katika damu. Isitoshe, kwa kuwa askari ni wachache, huenda pasiwe na usaha wala uvimbe wala kikohozi cha kumzindua mtu. Pengine dalili ya pekee itakuwa ni mwili kupata joto. Ndiyo sababu madaktari wa saratani huichukulia nyuzi 38 za Selsiasi, kwa mgonjwa wa aina hii, kuwa ni jambo la dharura. Mgonjwa huyo hapaswi kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Anapaswa kufikishwa hospitalini saa hiyo hiyo, damu ipimwe, na dawa za antibiotiki ziingizwe mshipani, ikiwezekana katika muda wa saa moja tangu afike.

Sasa turudi kwenye neno. Kwa Mswahili wa Mombasa, Lamu au Vanga, na kwa jirani zetu wa Tanzania, homa ni joto la mwili lililopanda kuliko kawaida; makamasi na kupiga chafya ni mafua. Bara ya Kenya mambo ni mengine. Nairobi, Nakuru na kwingineko, homa ndiyo hayo mafua. Mwanafunzi wangu akija kuniomba ruhusa kwa kuwa ana homa, huwa ameshika kitambaa puani. Yule ambaye mwili wake unawaka atasema ana joto, au atasema moja kwa moja kwamba ana malaria, anunue vidonge vya malaria dukani, ameze, alale. Mwanaisimu hana ruhusa ya kusema kundi moja linakosea. Lugha ni ya wenyewe, na maana ya neno ni ile wanayoelewana kwayo. Lakini kuna mahali ambapo ni lazima pande mbili zielewane, na chumba cha mgonjwa ni mahali pamojawapo.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu, mzaliwa wa Vanga, alitibiwa saratani ya titi katika hospitali moja jijini Nairobi. Alipotoka baada ya dozi yake ya pili alikabidhiwa karatasi ya maelezo, kurasa 4 za Kiingereza kitupu, naye ni mwanamke aliyesoma chuoni kwa maalimu na hakuendelea na shule ya serikali. Mwanawe alimsomea na kumfafanulia aliyoweza. Siku ya tisa, usiku, alipiga simu nambari aliyopewa, akamwambia muuguzi, “Mwanangu, nina homa.” Muuguzi yule, binti wa bara mwenye sauti ya upole, akamjibu, “Pole sana, mama. Kunywa chai ya tangawizi, ujifunike vizuri. Si unakuja kliniki Jumatatu?” Shangazi, kwa heshima aliyo nayo kwa watu wa hospitali, akafanya alivyoagizwa. Kulipopambazuka alikuwa hajitambui. Alilazwa siku 11, na tunamshukuru Mungu kwamba alitoka akitembea kwa miguu yake.

Sikumlaumu muuguzi. Alisikia neno, akalijibu neno kwa maana aliyokua nayo. Lawama yangu ni kwa hospitali iliyoweka mtu kwenye simu usiku bila kumwekea mbele yake swali moja la lazima: “Umepima? Ni ngapi?”

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni rahisi, karatasi hizo zitafsiriwe kwa Kiswahili. Naafiki, na sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampashe mgonjwa habari kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Lakini mfasiri aliyeketi ofisini na kamusi yake ataandika, “Ukipata homa rudi hospitalini,” na tutakuwa tumerudi palepale. Mgonjwa wa Murang’a atarudi hospitalini kwa sababu ya makamasi, kisha siku mwili utakapowaka atabaki nyumbani. Katika jambo hili tarakimu ni bora kuliko nomino. Aandikiwe 38, apewe kipimajoto, na afundishwe kukisoma kabla hajaruhusiwa kuondoka. Aelezwe pia asimeze parasetamoli kabla ya kupima, kwa kuwa dawa hiyo hushusha joto na kuificha dalili huku maradhi yakiendelea kutambaa chini kwa chini.

Fauka ya hayo, iko adabu yetu ya salamu. Kiswahili kinamwuliza mtu “Hujambo?”, yaani huna jambo? Na jibu la mtu mwenye malezi ni “Sijambo”, hata akiwa amelala kitandani. Akizidiwa sana ataongeza “kidogo”. Nimewasikia wahudumu wakipita kitanda baada ya kitanda, “Hujambo, mzee?”, “Sijambo”, kisha wakaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana malalamiko! Mzee huyo hakudanganya, alisalimiwa, akaitikia. Isitoshe, mambo ambayo kemo huyaharibu ndiyo yale ambayo lugha yetu huyavika tafsida. Baba mkwe hawezi kumwambia kijana mwenye umri wa mkwewe, mbele ya watu, habari za choo chake. Ataulizwa kama tumbo liko sawa, naye atajibu kwamba linasumbua kidogo. ‘Kidogo’ hiyo ni mara ngapi? Kipimo wanachotumia madaktari wa saratani hugawa kila dhara katika ngazi 5, na kuharisha mara 7 zaidi ya kawaida ya mtu kwa siku moja ni ngazi ya 3, ambayo huweza kumfikisha mtu kwenye kutundikiwa maji na hata dawa yake kusimamishwa. Kwa hiyo swali linalofaa ni hili, tena liulizwe kwa faragha: “Tangu jana asubuhi umekwenda haja mara ngapi, na kwa kawaida huwa ni mara ngapi?”

Kuna dawa nyingine, kama vinkristini, paklitakseli na oksaliplatini, ambazo hudhuru mishipa ya fahamu. Hapa Kiswahili kina utajiri wa kuonewa fahari: mikono kufa ganzi, nyayo kuwaka, vidole kuchomachoma, kuhisi kama unakanyaga changarawe. Mhudumu aliyezoea neno moja tu la kitaalamu huandika ‘maumivu ya miguu’ na kumpa mgonjwa dawa ya maumivu. Dalili hizi zikitajwa mapema, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Zikipuuzwa, ganzi inaweza kudumu hata matibabu yakiisha. Amwulize mgonjwa kama angali anaweza kufunga vifungo vya shati lake au kuokota sindano sakafuni. Fundi cherehani atajibu swali hilo barabara kuliko profesa.

Nitataja pia ile dawa nyekundu, doksorubisini, ambayo wagonjwa huiogopa kwa rangi yake tu. Hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili, na wako waliokesha wakilia wakidhani ni damu. Wangeelezwa mapema wangelala. Lakini mwenzake, siklofosfamidi, ambayo mara nyingi hutolewa siku ile ile, inaweza kuchubua kibofu hadi kikatoa damu kweli, na ndiyo maana mgonjwa huhimizwa anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara. Kwa hiyo wekundu wa siku ya kwanza usimtishe mtu, ila wekundu wa siku ya tano unataka hospitali. Ni sentensi moja tu ya Kiswahili chepesi, na sijaiona imeandikwa katika karatasi yoyote niliyopata kuishika mkononi.

Huenda msomaji akaona kwamba mwanaisimu amekuza mambo ya maneno mbele ya mambo ya uhai. Basi na atazame ushahidi. Mwaka wa 2017, Ethan Basch na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa wagonjwa 766 wa saratani zilizokwisha kuenea mwilini, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Kundi moja liliangaliwa kwa desturi ya siku zote. Kundi la pili liliulizwa mara kwa mara, kwa njia ya kompyuta, kuhusu dalili 12 za kawaida, na dalili ikizidi muuguzi alipashwa habari. Hakukuwa na dawa mpya ya saratani iliyoongezwa. Walioulizwa waliishi kwa kipimo cha kati cha miezi 31.2, na wenzao miezi 26.0. Tofauti ni miezi 5 na ushei, iliyopatikana kwa kuuliza na kusikiliza! Dawa ngapi za bei ya kukata maini zimesifiwa magazetini kwa kuongeza muda mfupi kuliko huo?

Wizara ya Afya na serikali za kaunti, ambazo sasa zina vituo kadhaa vya kutolea kemo nje ya Nairobi na Eldoret, hazihitaji kungoja kompyuta za New York. Zinahitaji wauguzi na watu wa lugha waketi meza moja, waandike kadi moja, kisha waipeleke Kwale, Garissa, Kakamega na Meru, na huko wamwulize mgonjwa ameelewa nini, wala si kama ameelewa. Kadi hiyo isilitumie neno homa hata mara moja. Iseme: mwili ukifika 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama hujapima, nenda hospitali iliyo karibu nawe, usingoje kuche. Na upande wa nyuma, kwa herufi kubwa, yawepo maneno ya kusomwa na askari wa langoni na mhudumu wa zamu ambaye pengine hajawahi kumtibu mgonjwa wa saratani: “Ninatibiwa kwa kemo. Askari wa damu yangu huenda ni wachache. Tafadhali nisipange foleni.”